Namba Iliyopumua Mutsamudu

Siku hizi kwetu habari za kifo huchelewa. Zamani mtu akifariki Mutsamudu asubuhi, jioni tulikuwa tumekwisha kumsomea hitima hapa Moroni, kisiwani Ngazija. Sasa kisiwa cha Nzwani kimejitangaza kuwa nchi peke yake, ndege zimeacha kutua, simu zinakatika, na marehemu huwa amekwisha kulala kaburini siku kadhaa huku jamaa zake wa upande huu wakiendelea kumwombea afya njema. Ndivyo ilivyokuwa kwa huyu ninayemwandika leo. Jumanne nilikuwa Itsandra nyumbani kwa mama yake, naye akanituma salamu: nikipata mtu anayevuka, nimwambie mwanawe asisahau kuvaa fulana ya ndani, kifua chake ni dhaifu. Jumatano baada ya alasiri akaja mlangoni pangu bweni mmoja, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, mfanyabiashara, mtu wa Dubai na masanduku, ambaye kwa kawaida husikika akicheka tangu mwisho wa kichochoro. Safari hii sikumsikia. Alisimama, nguo yake ya shiromani imemfunika hadi kidevuni, akanisalimu "Kwezi, Fundi," kisha akasema mtu mmoja amevuka kwa boti ya samaki na kueleza kwamba makanika wetu wa Mutsamudu alishikwa na tumbo, hapakuwa na chombo cha kumvusha kwa daktari, na amezikwa tangu wiki iliyopita. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Jambo la kwanza nililolifikiri, Mungu anisamehe, lilikuwa ile fulana. Jambo la pili lilikuwa kwamba yule mama ni mgonjwa wa moyo, na kwamba mimi ndiye nitakayemwambia.

Wasomaji wangu wa Unguja na Mombasa wataniuliza makanika na mzee wa darasa wanakutana wapi. Kwetu Komoro neno fundi ni la mwalimu wa dini, naye makanika alikuwa akiniita Fundi nami nikimwita fundi, tukiitana hivyo barabarani mpaka watu wakisimama kutazama nani ni nani. Alizaliwa Majunga, upande wa Bukini, yaani Madagaska, katika zile familia zetu zilizorudishwa baada ya damu kumwagika kule. Alirudi akiwa mtoto, na ile safari ilimwachia tabia moja: hakupenda ukimya. Alipokuwa pahali lazima injini iungurume, au redio iimbe, au yeye mwenyewe aongee. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alijipulizia manukato kwa wingi, alivaa kofia ya kazi nzuri akiwa chini ya gari, na alikuwa tayari kukuapia kwamba hakuna injini katika visiwa vyote vinne ambayo haikuwahi kumpenda. Nilimzoea kwa sababu binti yangu aliolewa mtaa wao, na kila nilipokwenda kumwona binti yangu alikuja kunikokota nikale kwake.

Miezi ya mwanzo ya mzozo, siku moja laini zilipofunguka, alinipigia simu. Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa naye Mutsamudu, miguu imevimba na dawa za moyo zimekwisha dukani. Dada zake wako Itsandra, upande wetu huku, karibu na hospitali. Shemeji yake ana boti ya mbao iliyofungwa injini ya petroli iliyotoka kwenye gari la ajali. Petroli waliyojaliwa kuikusanya ilitosha kuvuka mara moja tu, tena kama injini itakuwa na adabu. "Ikinywa sana, Fundi, tutaishiwa hata mlima wa Ngazija hatujauona," alisema. "Ikinyweshwa kidogo, itapata moto na pistoni zitaungua katikati ya maji." Kwa hiyo alitaka sensa ya oksijeni, kile kitu kinachochomekwa kwenye bomba la ekzosi, kinaunusa moshi na kueleza kwa namba kama mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa. Nikamuuliza kwa nini asitumie masikio yake anayojisifia kila siku. "Masikio yangu yamekwisha, Fundi. Nusu yameliwa na injini, nusu na shemeji." Akanipa masharti ya kuchagua, nikayashika kichwani kama ninavyoshika darasa, maana mtu wa kununua alikuwa ni yule bweni aliyekuwa safarini Dubai, naye aliweza kupiga simu ya nyumbani kwangu tu.

Bweni alinipigia akiwa dukani, nyuma yake kelele za watu na feni.

"Fundi, kuna moja ina kioo cha rangi, inawaka kama nyumba ya harusi."

"Na bei?"

"Bei yake ng'ombe wa ndoa kubwa."

"Iache."

"Kuna nyingine nyembamba, rahisi, karibu na bure."

"Hiyo amesema inajua maneno mawili tu: imezidi, imepungua. Haikuambii imezidi kiasi gani. Iache."

"Kuna iliyofunguliwa kwenye gari lililogongwa. Ukoo ule ule wa ile ya ghali, nusu ya bei."

"Amesema sensa haifi mara moja. Kabla ya kufa huanza kusema uongo."

"Yarabi! Kama mume wangu wa kwanza." Akacheka hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. "Basi imebaki hii. Sensa yenyewe mpya, imo kwenye karatasi yake ya kiwandani, ina waya nyingi. Lakini kisanduku chake kibaya, Fundi, kidogo, cheusi, kina namba nyekundu kama macho ya mgonjwa."

"Muulize kama inafundishika kwenye hewa safi."

Nikamsikia akiuliza kwa Kiarabu cha sokoni. "Anasema inafundishika. Unaitundika pahali penye hewa safi, unabonyeza kitufe, inaelewa kwamba hewa ndiyo hii. Na sensa ikifa unanunua sensa peke yake, kisanduku kinabaki."

"Ndiyo hiyo hiyo. Urembo wa kisanduku hautuhusu."

"Sawa. Watu wananiagiza dhahabu, wewe umenituma pua."

Jina hilo likabaki. Nami nawashauri vijana wanaoniandikia kuhusu magari yao, ingawa si fani yangu: kitu cha kupimia kisiwe cha ghali kwa ajili ya kioo chake, wala kisiwe rahisi kwa sababu kimekwisha kutumika. Fedha iende kwenye ncha inayogusa moshi.

Bweni aliporudi nayo, niliipeleka Nzwani mwenyewe, kwa sababu ndege ndogo zilikuwa bado zikitua Ouani siku ruhusa ilipopatikana, nami nilitaka kumwona binti yangu. Kiwanjani askari kijana alifungua mfuko wangu, akaitoa ile sensa na mkia wake wa waya, akarudi nyuma hatua. "Hii nini, bakoko?" aliuliza, akiniita babu kwa lugha ya kwetu. Nikamwambia ni pua ya injini. Aliitazama, akanitazama, akanirudishia kwa vidole viwili. "Injini gani, bakoko?" alisema. "Huku hakuna kinachounguruma." Nilidhani anatania. Nilipofika Mutsamudu nikajua hakutania. Mji ule ninaoujua kwa pikipiki na honi na mapipa ya bandarini ulikuwa umenyamaza mchana kweupe. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, mtu akikohoa ndani husikika nje, na siku ile nilisikia kikohozi kutoka nyumba hadi nyumba, na cherehani moja juu ghorofani iliyoshona kidogo, ikasimama, ikashona kidogo, kama mtu anayesikiliza. Milango ilikuwa imerudishwa bila kufungwa. Nilisalimu mara nyingi na kuitikiwa na watu nisiowaona.

Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya wazee wake, kuta nene za mawe na chokaa, tundu moja tu la hewa karibu na dari. Ndani ya chumba kile baba yake alioshwa alipofariki. Aliniambia hivyo kama mtu anavyokuonyesha stoo. Alifurahi kuiona pua, akaibusu, akaunga waya kwenye betri, akaitundika msumarini ili ipate moto na aifundishe hewa. Petroli haikuwemo mle, injini ilikuwa imekwisha kushushwa botini. Namba nyekundu ikawaka, ikapanda mpaka juu, ambako ilipasa isimame, kwa kuwa hewa tupu ndiyo kilele chake. Haikusimama. Ikashuka kidogo, taratibu. Ikapanda. Ikashuka. Tulikuwa watu wawili, hakuna aliyeinama juu yake. Akanionyesha kwa mkono tutoke nje, tukatoka, tukaitazama tukiwa kichochoroni. Ikashuka, ikapanda, kwa mwendo ule ule wa mtu aliyelala. Nikagundua kwamba nami nimeanza kuvuta pumzi kwa kuifuata, nikajikaza niache. Yule asiyependa ukimya aliuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, nani yumo?"

Sauti ya mama yake ikatutoa hapo. Alishuka ngazi akijishikilia ukutani kwa ile miguu yake, chetezo mkononi, udi umekwisha kuwaka. "Mmemwacha baba yenu bila udi muda gani?" alisema, kwa hasira ya mtu anayekuta vyombo havijaoshwa. Akakiweka chetezo sakafuni chini kabisa ya ule msumari, akaniamuru nisome. Nikasoma Ayatul Kursiy na Yasini. Nisingekataa, wala leo siioni aibu, kwa kuwa kusoma ni heri kila pahali. Chumba kikajaa moshi mzito mtamu. Nilipomaliza, makanika akafikicha macho, akanyoosha mkono, akabonyeza kile kitufe. Namba ikaruka juu, ikasimama kama msumari wenyewe. "Imetulia!" alipiga kelele. Mama akasema, "Bila shaka imetulia," akapanda ngazi zake.

Adhuhuri ilipopita tukaenda bandarini. Aliifunga pua kwenye ekzosi ya boti, injini ikawashwa, nayo ilikuwa injini pekee iliyosikika mji mzima. Watu wakajitokeza madirishani. Namba ikasema hewa imezidi mno. Akaongeza petroli kwenye kabureta. Hewa imezidi. Akaongeza tena. Namba ikaanza kukaa panapotakiwa, naye akaanza kuimba, lakini moshi juu ya maji ulikuwa umekuwa mweusi, na harufu ya petroli ikatufikia sote.

"Shemeji," alisema mwenye boti, mtu mkavu wa maneno, "hii inakunywa kama mgeni asiyealikwa."

"Namba inasema bado ina kiu."

"Mimi sijui namba. Najua madumu. Ukiendelea kujaribu hivi, mama tutampeleka kwa makasia."

"Kwa hiyo wewe sasa ndiwe makanika?"

"Hapana. Mimi ndiye nitakayekuwa katikati ya maji na mama yako."

Hapo akazima. Akafungua plagi moja, akaitazama: nyeusi, imejaa masizi kama tako la chungu. Plagi inasema petroli imezidi, namba inasema imepungua. Alikaa ukingoni mwa boti akiwa na plagi mkono mmoja na ile pua ya moto ameifunga kitambaa mkono wa pili, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa, kwa kuwa mojawapo ilikuwa inasema uongo na mama yake angesafiri juu ya jibu lake. Kisha akaileta sensa karibu na uso wake. Akaivuta harufu. Akaivuta tena. "Udi," alisema. "Fundi, inanuka udi!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Moshi wa chetezo na makaa ulikuwa umeigandia wakati anaifundisha. Ilikuwa imeshika kwamba hewa safi ndiyo ile ya chumbani, yenye oksijeni kidogo, na tangu hapo kila moshi ulionekana kwake una hewa tele. Akaichukua, pamoja na betri, mpaka mwisho kabisa wa ukuta wa bandari unakopiga upepo wa bahari, akaifundisha upya. Tukarudi kuwasha. Safari hii namba ilikiri petroli imezidi. Akapunguza kidogo kidogo, akifungua plagi, akitazama, hata zikatoka na rangi ya mkate uliookwa vizuri. Shemeji akahesabu madumu kwa macho, akatikisa kichwa kukubali.

Nimeifikiria sana siku ile nikisikiliza redio. Hapa Moroni tunaipima Nzwani kila siku, na Nzwani inatupima sisi, kila upande una namba zake na unaapa ni za kweli. Sijasikia mtu akiuliza kile kipimo kilifundishwa hewa chumba gani. Tumefukiza vyumba vyetu kwa vitu vitamu, kwa sifa za wazee wetu na uchungu wetu wa zamani, tukabonyeza kitufe humo humo, na tangu hapo kila linalotoka kwa ndugu yetu linaonekana limezidi au limepungua. Simlaumu mwenye kufukiza. Mama yule alifanya la heshima. Lakini heshima ina pahali pake, na kupima kuna pahali pake, na ukuta wa bandari hauko mbali.

Ipo sehemu ya kisa hiki ambayo upepo wa bahari haukuieleza. Kesho yake asubuhi tulirudi chumbani, kwa kuwa alitaka kuijaribu pua mara ya mwisho kabla ya safari. Chetezo kilikuwa kimepoa tangu jana na kimeondolewa. Mlango ulikuwa wazi usiku kucha. Sensa ilikuwa imekwisha kufundishwa kwa haki. Akaitundika kwenye msumari ule ule. Namba ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. "Waya umelegea," nilisema. "Nimezikaza zote, Fundi." Tulisimama. Nilitegemea mzaha, maana hakuwahi kupitwa na mzaha, na mzaha haukuja. Alisema tu, "Kama ni pumzi, ni ya mtu asiye na haraka." Akang'oa waya wa betri. Namba ikapotea, nasi tukabaki tunasikiliza ukuta. Nimesoma ya kutosha kujua kwamba Mola ana viumbe tusivyoviona, na nimeishi ya kutosha kujua kwamba waya huchoka kwa ndani pasipoonekana. Sikumwambia ni lipi kati ya hayo. Hadi leo sijui.

Ndege zikasimamishwa wiki hiyo hiyo, kwa hiyo nami nikapata nafasi botini. Asubuhi ya safari bahari ilikuwa shwari. Tulipokwisha kupakia madumu na kumketisha mama juu ya godoro, boti ilizama kupita alama. Shemeji akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mmoja ashuke. Kwa uzito huu petroli haifiki." Nikaanza kuinuka, nikasema mimi ni mzee, nitabaki kwa binti yangu. Makanika alikuwa amekwisha kuruka ukutani, viatu mkononi, kofia kichwani.

"Keti, Fundi. Nani atamsomea mama akiogopa? Mimi nikisoma ataogopa zaidi."

Mama akamwita jina lake la utotoni, akamwambia arudi ndani. "Nitakuja na boti ijayo, mama," alisema. "Itazameni tu namba isiondoke pale nilipoiweka." Haikuondoka. Tulivuka njia nzima ikiwa imesimama pahali pamoja, na tulipoigusa pwani ya Ikoni shemeji aligeuza dumu la mwisho juu chini, likadondosha kidogo mchangani. Kama yule mtu angekuwa ameketi nasi, tungeishia mahali tunapouona mlima na hatuufikii. Boti ijayo haikupatikana.

Alhamisi nikaenda Itsandra. Binti zake walinisoma usoni wakaanza kulia, kwa hiyo nikamwambia mama upesi, kwa maneno machache, mkono wangu juu ya mkono wake. Niliuangalia mshipa wa shingo yake. Baadaye akauliza kama alitamkishwa shahada, nikamwambia aliyeleta habari amesema ndiyo. Akauliza nani alimwosha, nikamwambia majirani. Akauliza jambo la tatu, ambalo sikulitarajia: "Moroni watamsalia? Yeye Mnzwani." Nikasema nitaomba.

Ijumaa, baada ya sala, imamu alisimama akatangaza sala ya ghaibu. Nyuma mtu akauliza ni nani. Imamu akasema, "Makanika mmoja wa Mutsamudu." Pakawa na ukimya ambao sijaupata kuusikia ndani ya msikiti, watu wengi mno na hakuna nguo iliyochakarika. Mwezi ule kulikuwa na vijana wa mji huu waliopelekwa kambini kungoja amri ya kuvuka, na baba zao walikuwa safuni. Jeneza halikuwapo. Mbele yetu palikuwa na sakafu tupu, nasi tulitakiwa tusimame kumwelekea mtu aliyeko ng'ambo, ambaye siku ile tulikuwa tukimwita adui. Mzee mmoja, ambaye mwanawe yuko kambini, akasema bila kugeuka, "Ana mama?" Imamu akajibu, "Anaye. Yuko Itsandra." Yule mzee akavuta hatua moja mbele, akasawazisha bega lake na la jirani. Safu zikamfuata hadi mlangoni.

Tulitoa takbira nne. Nilirudi Itsandra nikamweleza mama kwamba msikiti ulijaa, akashukuru, akaomba maji. Mshipa wake unapiga vizuri, daktari ameridhika, dawa zipo. Namshukuru Mola kwa hilo, na kwa kila siku anayoniongezea katika uhai ambao mwenzangu aliupisha nafasi. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kwamba kumwombea aliye mbali ni sunna nyepesi, haihitaji kubeba jeneza wala kuchimba. Sitawafundisha hivyo tena. Ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa hakuna kinachokushika usiondoke isipokuwa kukubali kwako mwenyewe kwamba yule usiyemwona ni wako.